Kuyaona Mashamba ya Mizabibu ya Dodoma Bila Gari la Kukodi



Mwaka uliopita mkulima mmoja wa upande wetu huu wa Eldoret alifikiwa nyumbani na mtu mwenye miche ndani ya gunia. Mtu yule akamwambia kwamba zabibu zina bei kushinda mahindi, na kwamba huko Dodoma, katika nchi ya Tanzania, watu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Neno hilo la pili ni kweli kabisa. Mkulima akanunua miche, akatenga nusu ekari ya shamba lake zuri la mahindi, akasimamisha nguzo na kuvuta waya. Mvua za Julai na Agosti zilipokuja, majani yakaota unga mweupe, kisha yakakauka na kuanguka. Karo ya watoto ilikuwa imekwisha kuingia katika nguzo na waya zile.

Alipofika ofisini tulimwuliza, "Mzee, umepata kuliona shamba la mizabibu kwa macho yako?" Akajibu, "Karani, ningeonaje? Dodoma ni mbali, nami sina gari."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wakulima wengi hudhani kwamba kwenda kuona kilimo cha mahali pengine ni kazi ya watu wenye magari, au ya kikundi chenye fedha za kukodi gari. Sivyo. Mahali pa zabibu panafikika kwa basi, daladala na miguu, na yule aendaye hivyo mara nyingi huona mengi kuliko yule aliyefungiwa ndani ya gari. Hata huko Italia, nchi inayojulikana ulimwenguni kwa mvinyo, wageni wengi huingia katika nchi ya mizabibu kwa treni mpaka mji mdogo kama Conegliano, kisha hupanda basi au hutembea vilimani. Sisi nasi tunayo njia yetu.

KWA NINI DODOMA

Hapa Kenya zabibu za mvinyo zimelimwa karibu na Naivasha, lakini mkulima mdogo mwenye ekari mbili tatu atajifunza zaidi Dodoma, kwa sababu huko wanaolima wengi ni wakulima wadogo kama yeye. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950, wapate divai ya ibada. Kutoka misheni kilimo hicho kikaenea vijijini. Baadaye serikali ya Tanzania ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, na viwanda vya mvinyo vikajengwa.

Tazama sasa tofauti ya nchi yao na yetu. Dodoma iko katika kimo cha meta 1,100 hivi. Mvua yake ni kidogo, yapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua tupu na upepo mkavu. Eldoret iko katika kimo cha meta 2,100 hivi, mvua yetu hupita milimita 1,000, nayo huendelea tangu Machi hadi Oktoba. Mzabibu hupenda jua na hewa kavu. Ukiwekwa penye ukungu na majani yasiyokauka, hupatwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya ukungu ambayo hata wakulima wa Dodoma hupigana nayo kila msimu wa mvua. Basi mzee wetu hakuwa mvivu wala mjinga. Aliupeleka mmea mahali usipopapenda. Lau angalitembea siku tatu katika mashamba ya Dodoma, jua lile na udongo ule vingalimwambia mambo ambayo mwuza miche hakumwambia.

WAKATI WA KWENDA

Mavuno ya Dodoma ni mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Februari na Machi sisi tunalima na kuandaa mbegu, haifai kutoka nyumbani. Lakini mwanzoni mwa Agosti mahindi yetu yamekwisha kupaliliwa na kutiwa mbolea ya kukuzia, nayo mavuno bado. Huo ndio wakati wa kusafiri.

Tena tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima Tanzania, waiitayo Nane Nane. Katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, huwa na maonyesho makubwa: mbegu, mifugo, zana na vyakula vilivyosindikwa. Mtu akifika tarehe 4 au 5, ataona mavuno ya zabibu shambani na maonyesho mjini kwa nauli moja. Lakini ajue kwamba siku hizo nyumba za wageni hujaa. Yafaa kupiga simu mapema na kuweka nafasi.

GARI LA KUKODI AU BASI?

Vikundi vingi hukodi gari kwa sababu huona ni heshima. Fanyeni hesabu kwanza, na muifanye mbele ya wanachama wote. Gari la kukodi lina malipo ya kila siku, hata siku ambayo limesimama tu chini ya mti. Lina mafuta ya zaidi ya kilometa 1,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Dereva atakula na kulala kwa fedha yenu. Likivuka mpaka lahitaji karatasi zake: ruhusa ya mwenye gari, bima ya nchi ya pili na kibali cha forodha. Karatasi moja ikikosekana, safari imeishia Namanga.

Liko na jambo lingine lisiloandikwa katika hesabu. Gari dogo lina viti vichache, na viti hivyo huchukuliwa na mwenyekiti, katibu na mtunza fedha. Mama anayepalilia, anayepulizia dawa na anayejua shamba lina mashimo mangapi hubaki nyumbani. Safari ikiisha, maarifa hukaa kwa wale ambao hawashiki jembe. Kwa nauli ya basi kikundi chaweza kupeleka watu wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, na fedha ikabaki.

Na kwa wale wanaokunywa, yako maonjo ya mvinyo katika viwanda. Mwenye kuonja hapaswi kushika usukani. Aliyekuja kwa daladala hana shida hiyo. Asiyekunywa naye asiogope safari hii; zabibu za mezani na maji yake matamu yapo, na shamba ni shamba.

KARATASI ZA SAFARI

Kila msafiri awe na pasi ya kusafiria. Mwananchi wa Kenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kitambulisho cha kawaida peke yake kisitegemewe katika mpaka huo. Asiye na pasi aanze kuiomba miezi mitatu kabla, wala asingoje wiki ya mwisho. Chukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwisho, iombe ofisi ya kilimo ya wadi yako barua fupi isemayo wewe ni nani, kikundi chako ni kipi, na unataka kuona nini. Barua hiyo ni ukurasa mmoja tu, lakini itafungua milango mingi.

NJIA YENYEWE

Siku ya kwanza: Eldoret hadi Nairobi, kilometa 310 hivi, kwa basi au matatu. Toka alfajiri ufike mchana. Lala Nairobi. Usijaribu kuunganisha safari yote kwa siku moja, maana mtu aliyechoka hupoteza mizigo na pasi.

Siku ya pili: Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga, kilometa 270 hivi. Yako mabasi yanayokwenda moja kwa moja, na yako magari ya kuishia mpakani, ukavuka kwa miguu na kupanda jingine upande wa pili. Namanga sasa ina kituo kimoja cha pamoja cha nchi zote mbili: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Badilisha fedha benki au katika duka lenye leseni. Wale vijana wanaokimbilia madirisha ya basi na mabunda ya noti uwapungie mkono tu.

Siku ya tatu: Arusha hadi Dodoma, kilometa 425 hivi, kupitia Babati na Kondoa. Barabara hii yote ni lami. Mabasi mengi huondoka asubuhi na mapema, kwa hiyo nunua tiketi jana yake katika ofisi ya basi lenyewe, si kwa mtu wa njiani. Kaa dirishani. Utaona nchi ikibadilika kutoka migomba na mahindi mpaka mtama, alizeti na mibuyu. Hilo peke yake ni somo la kilimo: watu hawa hupanda kile ambacho mvua yao yaweza kukilea.

Ukifika Dodoma, tafuta nyumba ya wageni iliyo karibu na njia ya daladala. Daladala ni matatu yetu, na bajaji ni ile gari ya magurudumu matatu. Kwa safari fupi za kijijini iko bodaboda kama kwetu. Patana bei kabla ya kupanda, na umwambie akungoje ikiwa kijiji ni cha mbali.

MAHALI PA KUONA

Makutupora iko kaskazini mwa mji, yapata kilometa 25, kando ya barabara ile ile uliyojia kutoka Arusha. Hapo ndipo kituo cha utafiti wa zabibu. Peleka barua yako, uombe kuonyeshwa aina za mizabibu, namna ya kupogoa na namna ya kuotesha vipandikizi. Jihadhari na jina: iko Makutupora nyingine katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ambayo hutajwa sana katika habari za reli mpya. Mwambie kondakta kwamba wataka Makutupora ya utafiti, ya barabara ya Kondoa. Tena kuna kambi ya jeshi la vijana upande huo, usitoe simu kupiga picha za kambi.

Bihawana na Mpunguzi ziko upande wa barabara ya Iringa. Bihawana ndipo kilimo hiki kilipoanzia, na Mpunguzi ni mahali pa wakulima wadogo. Hapa shuka daladala, utembee kwa miguu. Utaona mitaro iliyojazwa samadi ambamo mizabibu imepandwa, utaona nguzo za kila namna, nyingine za miti ya porini, na utaona watu wakikata vishada na kupanga kreti kivulini.

Hombolo iko yapata kilometa 40 kutoka mjini, nayo ina bwawa kubwa na mashamba mengi ya zabibu. Huko Waitaliano walianzisha kiwanda cha mvinyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwisho, upande wa barabara ya Dar es Salaam, wilaya ya Chamwino, liko shamba la Chinangali. Hili litawagusa sana watu wa skimu, kwa sababu ni shamba la pamoja ambamo kila mkulima ana sehemu yake, maji huletwa kwa mipira ya matone, na lilianzishwa kwa mkopo. Sisi tunajua mkopo wa ardhi ni nini; wazee wetu walioingia katika skimu baada ya mwaka 1962 waliulipa miaka mingi. Basi uliza Chinangali bila haya: mkopo ulikuwa wa nani, na ulilipwaje?

Mtu asiende mahali pawili kwa siku moja. Asubuhi moja, kijiji kimoja.

ADABU YA UGENI

Huko Tanzania mtu haanzi na shida yake. Anaanza na salamu. Mwamkie mkubwa wako "Shikamoo," ungoje "Marahaba," uulize habari za nyumbani na za shamba, ndipo useme lililokuleta. Wenyeji wa Dodoma ni Wagogo, na ukisema "Mbukwenyi" kwa lugha yao utaona nyuso zikifunguka. Sisi wa Eldoret tumezoea kusema upesi, nao huona kwamba tunagomba.

Ukifika kijijini nenda kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji, umwonyeshe pasi na barua. Yeye ndiye atakayekupa mtu wa kukutembeza. Usiingie shamba la mtu kwa sababu tu halina ua, wala usichume tunda bila kupewa. Mavuno ni wakati wa kazi nyingi. Ukiona watu wanapanga kreti, vua koti uwasaidie kwa saa moja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika saa hiyo moja ya kufanya kazi pamoja utasikia mambo ambayo usingeambiwa ukiwa umesimama na daftari.

MASWALI YA KUULIZA

Andika maswali nyumbani kabla ya kuondoka. Haya ndiyo makubwa.

Kwanza, ulipanda lini na ulivuna lini mara ya kwanza? Mzabibu hauleti fedha mwaka ule ule. Mkulima hungoja kama miaka miwili apate mavuno ya maana. Katika miaka hiyo nyumba ilikula nini?

Pili, mavuno mawili yanapatikanaje? Utaelezwa kwamba siri ni kupogoa. Mti ukikatwa matawi kwa wakati wake huchipua upya, nao huiva baada ya miezi minne hivi. Lakini maji ya msimu wa kiangazi yatoka wapi?

Tatu, unapulizia dawa mara ngapi, na kwa bei gani? Uliza pia habari za mchwa na ndege.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, nani ananunua, na mlipatana bei lini? Zabibu ni kama maziwa. Zikikatwa haziwezi kungoja. Mkulima wa maziwa wa kwetu ajua uchungu wa kukuta mtambo wa kupozea umejaa. Huko Dodoma kiwanda cha mvinyo cha serikali kilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima walibaki na zabibu bila mnunuzi, na wengine wakaing'oa mizabibu yao. Hata sasa utasikia malalamiko ya zabibu zilizoiva huku kiwanda kikisema matangi yamejaa. Ndiyo maana vikundi vingine vimeanza kukamua zabibu na kuhifadhi mchuzi wake, wauuze mchuzi badala ya tunda. Angalia namna wanavyofanya, uhesabu faida na gharama ya mtambo.

Maswali haya hayana uhusiano na zabibu peke yake. Mwezi huu mwuzaji amekuja na mizabibu. Mwezi ujao atakuja mwingine na parachichi au karakara. Yule aliyezoea kuuliza "Nani ananunua?" kabla ya kuuliza "Miche ni bei gani?" haitakuwa rahisi kumdanganya.

USILETE VIPANDIKIZI

Najua tamaa itakushika. Utaona kijiti kizuri, kifupi, kinachoingia mfukoni. Kiache. Mmea hauvushwi mpaka bila kibali na cheti cha afya ya mimea, na kwetu Kenya shirika la KEPHIS ndilo lenye kazi hiyo. Sheria hii si ya kumtesa mkulima. Kijiti kimoja chaweza kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho, ukaingia katika mashamba ya jirani zako wote. Na tumekwisha kueleza kwamba hali ya hewa ya Uasin Gishu si ya mizabibu. Labda chini kule katika bonde la Kerio, penye joto na ukavu, siku moja patafaa. Lakini hilo lifanyiwe majaribio madogo kwanza, pamoja na maofisa wa kilimo, kabla mtu hajaweka karo ya watoto ndani ya nguzo.

UKIRUDI NYUMBANI

Safari ya namna hii huchukua siku kumi: tatu za kwenda, nne za kuona, tatu za kurudi. Kila jioni andika gharama za siku hiyo, hata chai na bodaboda. Ndani ya wiki moja baada ya kurudi, kikundi kikutane, walioenda wasome walichoandika, na hesabu iwekwe mezani shilingi kwa shilingi. Safari isiyosimuliwa imewafaa watu wanne tu. Ikisimuliwa yaweza kulifaa eneo zima.

Basi wakulima, msiseme tena, "Hatuna gari." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kujua kilimo cha mbali sharti apande basi na watu, atembee na watu, aulize.

Mzee wetu ameing'oa mizabibu yake na kurudisha mahindi. Nguzo na waya amezungushia zizi la ndama. Siku ile tulipobandika karatasi ya majina ya watakaokwenda Agosti, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake, na chini yake akaandika la mkewe.